Ringi ya kugeuzia lenzi: bei ya sato, kazi ya lenzi ya makro

Ringi yenyewe ni pete ya alumini, nyembamba, nyepesi kuliko ufunguo wa bodaboda. Upande mmoja ina meno ya kushika mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa kila siku. Upande wa pili ina thredi za kuingia mbele ya lenzi, pale panapofungwa filta. Haina kioo, haina waya, haina mota. Ukiifunga, lenzi inakaa kinyume: uso unaangalia ndani ya kamera, mgongo unamwangalia mdudu. Basi. Bei yake ni kama kilo mbili tatu za sato, wakati lenzi ya makro ya kweli, ile ya kukuza vitu vidogo kwa karibu, utaihesabia kwa malaki.

Tumeitumia hapa Mwanza kwa wadudu wa magugumaji, dagaa wakavu na pete za dhahabu, na tunaipa alama za juu, kwa masharti mawili. La kwanza, kamera iwe ile yenye kioo cha kuakisi ndani, DSLR, Canon au Nikon ambazo zimejaa mikononi mwa wapiga picha wa harusi. La pili, lenzi unayoigeuza iwe na pete yake ya kubadilisha apecha, yaani tundu la kupitishia mwanga, kwa mkono. La kwanza linazungukika. La pili ndilo linalowafanya watu wengi waitupe ringi kabatini baada ya wiki moja.

Sababu ya ringi kufanya kazi si uchawi. Lenzi ya kawaida imetengenezwa kuchukua kitu kikubwa kilicho mbali, tuseme bibi harusi na mashela yake, na kukifinya kwenye sensa ndogo iliyo karibu, milimita arobaini na kitu nyuma ya lenzi. Ukiigeuza, njia ile ile ya mwanga inakwenda kinyume: kitu kidogo kilicho karibu kinatandazwa kuwa kikubwa. Na kwa kuwa mgongo wa lenzi ulitengenezwa tangu mwanzo kuangalia kitu cha karibu, picha inatoka safi kuliko ile ya vile vioo vya kuongezea vya +4 na +10 vinavyouzwa kwa seti. Vioo hivyo vinakupa katikati nzuri na kingo za uji.

Vipimo, kabla hujatoa hela

Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii inaingia kamera zote." Haiingii. Ringi ina vipimo viwili na vyote lazima vikubali. Cha kwanza ni mdomo wa kamera: ya Canon EF haikai kwenye Nikon, ya Nikon haikai kwenye Sony. Cha pili ni upana wa thredi, na huo umeandikwa mbele ya lenzi yako karibu na alama ya duara lililokatwa mstari, ø. Canon 18-55 zile za kuja na kamera (18-55 ni urefu wa fokasi, si thredi) ni milimita 58. Nikon 18-55 za AF-S ni 52, lakini AF-P ni 55, na hapa watu hukosea kila siku kwa sababu kwa macho zinafanana. Canon 50 f/1.8 ya zamani ni 52, ile mpya ya STM ni 49. Nikon wanayo ringi yao wenyewe, BR-2A, ya milimita 52. Za bei nafuu zimeigwa humo humo.

Ukiwa na lenzi mbili tatu zenye vipimo tofauti, usinunue ringi tatu. Nunua moja ya kipimo kikubwa, 58, kisha ringi nyembamba za kupandisha kipimo, 49 kwenda 58 na 52 kwenda 58. Uliza vizuri uelekeo. Ya kupandisha ina thredi ndogo ya nje inayoingia kwenye lenzi, na thredi kubwa ya ndani inayopokea ringi yako. Ya kushusha ni kinyume chake na haitakusaidia hapa.

Dukani, ifunge kwenye kamera yako mwenyewe. Izungushe mpaka usikie "tak" ya kile kipini cha kufungia. Ringi nyingine za bei ya chini hazina tundu la kipini hicho, zinabaki kushikiliwa na msuguano tu, na siku umeinamisha kamera juu ya maji ya Kirumba lenzi itajizungusha na kuachia. Shika ringi ikiwa kwenye kamera, itikise. Kucheza kidogo kama unywele si neno. Ikicheza mpaka unaona mwanga umepenya pembeni, irudishe.

Thredi nazo zina ugonjwa wao. Alumini laini ikiingia upande kwenye thredi za plastiki za lenzi, plastiki ndiyo inayoliwa. Anza kwa kuzungusha kinyume, kama unafungua, mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake, ndipo ukaze. Ikiganda, usichukue plaizi. Pete nyembamba ukiibana kwa vidole viwili inakuwa yai, na kadiri unavyobana ndivyo inavyong'ang'ania. Laza lenzi juu ya kipande cha mpira wa tairi la ndani, gandamiza sawasawa pande zote kwa kiganja, kisha zungusha. Inatoka.

Apecha ndiyo kesi yenyewe

Ukigeuza lenzi, zile pini za shaba zinazoongea na kamera zinabaki hewani. Kamera haijui kuna lenzi. Canon itaandika 00 pale penye apecha na itaendelea kupima mwanga. Nikon ndogo, zile za D3000 na D5000 na ndugu zao, zitalalamika hazina lenzi, na zitapiga kwenye M tu (kila kitu unapanga mwenyewe), bila kupima mwanga. Kuzoea hilo ni dakika kumi. Tatizo ni tundu.

Lenzi za Canon EF hufungua na kufunga tundu kwa umeme. Ukiitoa kwenye kamera, tundu linabaki wazi kabisa, na ukipiga hivyo utapata jicho la mdudu peke yake likielea kwenye ukungu. Njia ya kulifunga ni hii. Funga lenzi kawaida, weka Av (apecha unachagua wewe), chagua f/8; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Bonyeza kile kitufe cha kuangalia kina cha fokasi kilicho pembeni ya mdomo wa kamera na usikiachie. Ukiwa bado umekibana, kamera imewashwa, bonyeza cha kufungulia lenzi na uizungushe utoe. Tazama ndani yake: utaona tundu dogo limebaki limefungwa. Ukitaka f/11, rudisha lenzi, anza tena. Si njia ambayo kiwanda kinaipendekeza, lakini inafanya kazi.

Kamera isiyo na kitufe hicho, weka M, sekunde 10, f/8, bonyeza, na katikati ya hizo sekunde toa lenzi. Kumbuka pazia la shata liko wazi muda wote huo na sensa iko uchi. Fanya ndani ya nyumba, kamera ikiangalia chini, feni imezimwa. Aliyefanya hivi kando ya barabara ya vumbi atalipa fundi wa kusafisha sensa zaidi ya alivyolipa ringi.

Nikon za herufi G, zisizo na pete ya apecha, ni kinyume: ukizitoa tundu linajifunga lote mpaka dogo kabisa, kwa sababu springi ndani inalivuta. Picha itakuwa giza na ukitazama kwenye vyufinda, kile kidirisha cha kuwekea jicho, huoni kitu. Nyuma ya lenzi kuna kidole kidogo cha chuma. Kisogeze na ukitie kigingi cha karatasi iliyokunjwa au kijiti cha kiberiti kilichochongwa. Tundu litakaa pale kigingi kilipo. Utapata apecha ya kukisia, na kigingi kitadondoka wakati mdudu ametulia. Kwa kazi ya mara moja kwa mwezi inatosha.

Zipo seti za umeme za Canon: ringi mbili zimeunganishwa kwa waya wa kujikunja, moja kwenye kamera, nyingine kwenye mgongo wa lenzi, na apecha inaendeshwa kutoka kwenye kamera kama kawaida. Ni nzuri. Ila bei inapanda mara kadhaa, na pini zake zikishika uchafu kamera inatoa kosa la mawasiliano kila picha ya tatu. Kwa pesa hiyo tungenunua lenzi ya zamani na chenji ibaki.

Kwa sababu dawa halisi ni lenzi ya zamani. Lenzi za enzi za filamu, 50 na 28, zenye pete ya apecha ya kuzungusha kwa vidole, zimelala kwenye masanduku ya studio za zamani, na wenyewe wanajua hakuna kijana anayezitaka. Hizo ndizo za kugeuza. Nikon 50 f/1.8 ya herufi D nayo ina pete. Helios 44-2, ile 58mm ya Kirusi iliyokuja na kamera za Zenit, thredi 49, ni tamu zaidi kwa kazi hii: ina pete mbili, moja unaiweka f/8 na kuisahau, nyingine unaizungusha kufungua wakati wa kutafuta fokasi na kufunga wakati wa kupiga, bila kutoa jicho kwenye vyufinda. Na lenzi ikiwa imegeuzwa haijalishi ilitengenezwa kwa kamera ya nani. Mdomo wake sasa unaangalia nje, kinachotakiwa ni thredi tu.

Inakuza kiasi gani

Kadiri lenzi inavyoona eneo pana, yaani namba yake ya milimita ilivyo ndogo, ndivyo inavyokuza zaidi ikigeuzwa, na hili huwachanganya watu waliozoea kwamba namba kubwa ndiyo inayosogeza. Kwenye DSLR, 50mm iliyogeuzwa inatoa karibu 1:1, yaani milimita moja ya kitu inakaa kwenye milimita moja ya sensa. 28mm inatoa mara mbili na ushee. 24mm, kama mara mbili na nusu. Lenzi ya 18-55 inabadilika ukiizungusha zumu: upande wa 55 inakuza kidogo, upande wa 18 inakuza sana mpaka inasumbua.

Usiamini namba za mtu, hata hizi. Piga picha ya rula, hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo, kisha gawanya upana wa sensa kwa idadi hiyo. Sensa ya Canon za kawaida ni milimita 22.3, ya Nikon za DX ni 23.5, fulu fremu ni 36. Ukiona milimita 11 za rula kwenye Canon, uko mara mbili.

Fokasi huipati kwa kuzungusha pete ya lenzi. Kwa lenzi nyingi za 50 na 28 pete hiyo, ikigeuzwa, karibu haifanyi kitu. Fokasi ni mwili wako: unasogea mbele, unarudi nyuma, milimita kwa milimita, na unabonyeza pale jicho la mdudu linapong'aa. Umbali kutoka kwenye kioo hadi kwa mdudu haubadiliki sana: kama sentimita 9 kwa 50mm, sentimita 6 kwa 28mm. Kwa hiyo wale mijusi wa miamba wenye vichwa vyekundu na migongo ya buluu, wanaoota jua kwenye mawe ya Capri Point, wasahau. Ukifika sentimita 9 mjusi yuko kisiwani Saanane.

Kina cha fokasi ni kidogo kuliko unavyodhani. Kwa f/8, kwenye 1:1 una kama milimita 0.6 inayoonekana kali. Kwenye mara mbili, robo milimita. Kwenye mara nne, sehemu moja ya kumi ya milimita, na hapo hata mapigo ya moyo wako yanaitingisha picha. Kishawishi ni kufunga tundu mpaka f/16 au f/22 ili upate zaidi. Usifanye. Ukiwa mara mbili, f/8 iliyoandikwa kwenye pete inafanya kazi kama f/24, na ukizidi hapo mwanga unatawanyika kwenye kingo za tundu na picha yote inalainika kana kwamba lenzi imepakwa mafuta. f/5.6 hadi f/8 kwa mara mbili, f/8 hadi f/11 kwa 1:1.

Mwaloni na kwenye magugumaji

Dagaa mkavu ni kitu kizuri cha kuanzia kwa kuwa harukiruki. Kwa 50mm kichwa chake kinaenea kwenye fremu, na mambo mawili yanaonekana ambayo jicho la mteja halioni: magamba ya fedha yaliyobaki au yaliyochubuka, na mchanga. Dagaa aliyeanikwa chini ana punje zimejipachika nyuma ya mashavu na kwenye mkunjo wa pezi, zinameta kama sukari. Aliyeanikwa kwenye kichanja hana. Mfanyabiashara wa Kirumba anayeuza mikoani kwa picha za simu angeweza kumaliza ubishi kwa picha moja ya namna hii. Mlaze kwenye karatasi nyeusi isiyong'aa, ubavu uwe sambamba na sensa, maana ukimlaza mshazari jicho litakuwa kali na mdomo utapotea.

Magugumaji yana mgeni mwingine. Kwenye miaka ya 1990, gugu lilipofunika ghuba, walipandikizwa fukusi wa kulila, Neochetina, na wazao wao bado wapo. Ni wadogo, milimita 4 hadi 5, wana pua ndefu kama ya tembo. Mchana hawaonekani, wanajificha pale majani machanga yanapokumbatiana karibu na shina. Utawajua kwa makovu: vidoa vya rangi ya kahawia kwenye jani, kila kimoja milimita mbili tatu, kana kwamba mtu amekwangua kwa kisu cha kalamu. Fungua jani taratibu, mmoja atajifanya amekufa, na hapo una kama dakika nzima. Kwa 28mm iliyogeuzwa anajaza karibu nusu ya fremu, na mgongo wake, uliokuwa kahawia tu, unageuka magamba madogo ya kijivu na ya manjano yaliyopangwa kwa mistari.

Ila usiingie majini kumfuata. Vuta gugu kwa kijiti kirefu ukiwa juu ya jiwe au gatini. Maji ya kimya yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na mamba naye hupenda hapo hapo.

Muda ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu. Umande bado uko kwenye majani, wadudu wana baridi hawana mbio, na upepo wa ziwani haujaamka. Kuanzia saa tano upepo unaingia kutoka majini, na jani linaloyumba sentimita moja kwa mtu anayetafuta robo milimita ni mchezo wa bahati. Ukilazimika kupiga mchana, shika shina la jani kwa mkono wa kushoto na ulaze lenzi juu ya ngumi hiyo hiyo: mdudu na kamera vikiyumba, vinayumba pamoja. Stendi ya miguu mitatu kwa kazi hii inachelewesha tu, labda kwa pete za sonara mezani.

Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji na kuja kufa chini ya taa za baraza, watege kwa taa na shuka jeupe. Dume ana vipapasio kama manyoya mawili ya kuku, na kwa mara mbili hadi tatu kila nywele inahesabika. Onyo moja: usibadilishe lenzi chini ya taa hiyo. Wataingia ndani ya kamera kabla hujafikisha lenzi ya pili mdomoni, na mdudu aliyepondwa kwenye kioo cha ndani hatoki kwa kupuliza.

Mwanga unataka kazi kuliko ringi

Ukiwa mara mbili, unapoteza mwanga wa stopu tatu na kidogo (kila stopu ni mwanga kukatwa nusu). Jua la asubuhi halitoshi kupiga f/8 kwa mkono. Hapa ndipo flashi inapoingia, hata ile ya juu ya kamera. Anzia M, shata 1/160, f/8, ISO 200, flashi ukiipanga kwa mkono kwenye 1/8 ya nguvu yake, kisha ongeza au punguza flashi tu, vingine viache. Shata usiipandishe zaidi ya 1/200, maana kamera nyingi zitakuletea ukanda mweusi: pazia la pili limeanza kufunga kabla flashi haijawaka. Kinachogandisha mtikisiko ni flashi yenyewe, ambayo kwa nguvu ndogo inawaka na kuzima haraka kuliko pazia lolote.

Flashi mbichi juu ya fukusi inatoa doa jeupe mgongoni na giza kwingine. Inatakiwa ilainishwe, na kanuni ni moja: uso unaotoa mwanga uwe mkubwa kuliko mdudu na uwe karibu naye kadiri inavyowezekana. Karatasi ya A4 iliyokunjwa upinde kutoka kichwa cha flashi hadi juu kidogo ya ncha ya lenzi, imeshikwa kwa raba bendi, inafanya kazi. Dumu jeupe la mafuta ya kula lililokatwa ubavu ni gumu zaidi kwa upepo, ila lina umanjano. Weka karatasi ndani yake au rekebisha rangi baadaye. Kwa flashi ya juu ya kamera, hakikisha karatasi inafika mbele, la sivyo kivuli cha lenzi kitamfunika mdudu nusu, na utadhani ringi ndiyo mbovu.

Kuunganisha lenzi mbili

Kuna ringi nyingine, ya thredi pande zote mbili, ya kufunga lenzi iliyogeuzwa mbele ya lenzi ndefu iliyo kwenye kamera. Kwa anayemiliki 55-250 au 55-200 hii ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu lenzi ndefu inabaki inaongea na kamera na apecha unaiendesha kwa kidole kama kawaida. Iliyogeuzwa iache wazi kabisa. Hesabu ni rahisi: gawanya urefu wa nyuma kwa wa mbele. 200 kwa 50 ni mara nne. 100 kwa 50 ni mara mbili. Ukishuka chini ya 100 hivi, pembe za picha zinakuwa nyeusi, duara kama unachungulia kwenye bomba. Fokasi ya lenzi ya nyuma iweke kwenye mwisho wa mbali, na mdudu atakaa sentimita 4 na nusu kutoka kwenye kioo. 50mm ya plastiki ni gramu 130 hadi 160 tu, haitachosha mota ya lenzi ndefu, ila zima fokasi ya otomatiki.

Usijaribu hivi kwa kuning'iniza 18-55 nzito. Na hata kwenye ringi ya kwanza, 18-55 za zamani ambazo pua yake inazunguka zinashikiliwa na mrija mwembamba wa plastiki. Weka fokasi ya mbali ili mrija uingie ndani, na usibebe kamera kwa kushika lenzi.

Wenye kamera zisizo na kioo, Sony E, Canon R, Nikon Z: ringi ikifungwa moja kwa moja inawapa nusu ya ukuzaji, kwa sababu sensa yao iko karibu mno na mdomo. Sony E ina milimita 18 ambapo Canon EF ina 44 na Nikon F ina 46.5. 50mm inayotoa karibu 1:1 kwenye Canon ya zamani itatoa nusu tu kwenye Sony. Dawa ni kuongeza urefu uliopungua: adapta ya kawaida ya EF kwenda Sony ina unene wa milimita 26, kisha ringi ya EF juu yake. Washa pia ile sehemu ya menyu inayoruhusu kupiga bila lenzi, maana bila hivyo shata haitafyatuka na utarudisha ringi nzima kwa muuzaji.

Kama ringi haipo kwenye maduka ya Makoroboi na Rwagasore, inatumwa kwa basi kutoka Kariakoo na unaipokea Nyegezi. Mtumie muuzaji picha ya mdomo wa kamera na ya namba iliyo mbele ya lenzi, usimtajie kwa mdomo. Agiza kwa pamoja ringi ya kinga, ile inayofungwa kwenye mgongo wa lenzi na kukupa thredi ya kufunga filta ya UV. Mgongo wa lenzi una kioo kilichochomoza na pini za dhahabu, na sasa ndio unaopokea umande, mchanga wa mwaloni na pumzi yako.

Lenzi ya zamani ikague kwa tochi ya simu: washa upande mmoja, tazama upande wa pili. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu, na kwa unyevu wa huku utaongezeka. Iache. Vumbi mbili tatu si kitu. Mafuta kwenye visu vya apecha yanaharibu lenzi inayofunga yenyewe, lakini kwa ya kuzungusha kwa mkono hayazuii kazi, kwa hiyo yatumie kushusha bei. Zungusha pete ya apecha mwanzo hadi mwisho ukitazama tundu, lifunguke na kufunga bila kukwama. Kisha dai mfuniko wa nyuma. Wa mbele akiwa ameupoteza mwache, ila wa nyuma usikubali aseme haupo: lenzi ikigeuzwa, huo ndio unaokaa mbele.